Jiwe Lisemwe Jina Lake

Upo mzaha mmoja ambao nimeusikia tangu nikiwa kijana, nao haujapata kunichekesha. Wageni wenye elimu wanapofika kwetu Ulyankulu kutoka Tabora mjini, wakamwona mama ameketi mnadani na sinia la shanga mbele yake, hutazamana na kusema, "Ndizo hizo walizopewa babu zetu wakatoa pembe za ndovu." Kisha hucheka. Ukimtazama vizuri huyo anayecheka utaona ana saa mkononi iliyoandikwa kwamba ina vito 17, na mkewe ana mkufu wenye jiwe la buluu ambalo wote wawili hawajui limetoka wapi, wala hawakuuliza. Babu wanayemcheka aliuliza.

Nataka kuwatetea babu hao. Siwatetei kwa kuwa ni desturi njema kuwasifu waliokufa, bali kwa sababu upo uongo wa leo ambao wao wasingeukubali hata kwa kutwa moja. Siku hizi yanauzwa mapambo yaliyofanywa kwa mkono, mazuri kweli kweli, ya waya wa fedha uliosokotwa kama mzizi, na katikati yake limekaa jiwe la buluu iliyochanganyika na zambarau. Pamoja na pambo hupewa kikaratasi kilichoandikwa: tanzanite adimu ya maabara. Katika maneno hayo la kweli ni moja tu, nalo ni maabara, na hilo ndilo ambalo watu hulionea haya. Mimi silionei haya hata kidogo. Ninayoyakataa ni yale mengine mawili.

Nianze na shanga zenyewe. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, na kutoka hapo ikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda Karagwe, haikuwa njia ya wajinga. Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, moja ya mambo yaliyomtoa jasho lilikuwa kununua shanga. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba nyekundu zilipokewa Unyamwezi, ambako aina nyingine zote zingekataliwa. Nyeusi, zilizoitwa bubu, zilikuwa fedha halali huko Ugogo na takataka kwingineko. Nyeupe ziliwafaa watu wa Ufipa, ila Ukonongo zingedharauliwa. Zile kubwa kama yai, sungomaji, zilitakiwa Ujiji. Alinunua magunia 22, naye alijua kwamba akikosea hesabu ya rangi moja tu, msafara wake ungelala njaa katikati ya nchi yenye chakula tele. Kipimo kilikuwa kete, na kete kumi zilifanya fundo. (Neno kete vijana wa leo wanalijua kwa biashara nyingine, Mungu atunusuru.)

Sasa nielezwe: huyo ni mjinga wa namna gani, anayemtia wasiwasi mwenye bunduki na mabalo ya nguo kwa kuchagua rangi ya ushanga? Mjinga huchukua anachopewa. Watu wa njia hii walishika ushanga, wakautazama juani, wakaurudisha. Msafiri akafungua gunia jingine.

Iliyopendwa kwetu ilikuwa nyekundu, iliyoitwa samisami. Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika kwamba ushanga huo ulikuwa na jina la utani lenye maana ya kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyouchachamalia. Ukiupata leo ushanga wa zamani wa namna hiyo, na bado wapo wazee wenye nyuzi mbili tatu zilizofichwa ndani ya kibuyu, tazama kwenye tundu lake. Utaona wekundu uko nje, na ndani ni mweupe. Weupe huo si kasoro, ndiyo alama yake. Ushanga huo ulifanywa Venice, Italia, na wafanyabiashara wa Ulaya waliuita akiki ya Aleppo, maana yake ulikuwa umeigizwa jiwe la akiki. Wekundu wa shanga nzuri za aina hiyo ulipatikana kwa kutia dhahabu kidogo sana ndani ya kioo, mpaka viwanda vilipopata njia nyingine mwishoni mwa karne ya 19. Dhahabu ikiwa ghali, mafundi walivisha tabaka jembamba la kioo chekundu juu ya moyo wa kioo cheupe. Kwa hiyo kile kilichochekwa kuwa kichupa kisicho na thamani kilikuwa na chembe za dhahabu mwilini mwake.

Na kazi ya kukifanya haikuwa ya mchezo. Fundi alichota kioo kilichoyeyuka kwa fimbo ndefu ya chuma, akakipa tundu la hewa katikati, kisha mtu wa pili akashika upande wa pili kwa fimbo yake, na wote wawili wakaanza kwenda mbio, huyu huku na huyu kule, katika ukumbi mrefu kama behewa juu ya behewa. Kioo kikavutika kikawa mrija mwembamba, na lile tundu la hewa likabaki ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Mrija ukakatwa vipande vidogo, vikachanganywa na vumbi ili matundu yasizibe, vikazungushwa motoni hadi kingo zikalainika. Baada ya hapo shanga ziligawiwa kwa wanawake maskini wa mji ule, walioitwa impiraresse, ambao waliketi milangoni mwao wakiwa na sindano nyingi mkono mmoja, wakizichovya katika sinia la shanga na kuzitunga kwa maelfu. Mama wa mnadani kwetu angewaelewa mara moja. Sinia ni lile lile, na maumivu ya macho ni yale yale.

Hapa sitaki msomaji adhani kwamba naisafisha biashara ile. Mwezi Agosti 1871, Waarabu wa Unyanyembe wakiwa vitani na Mirambo, kikosi chao kilivamia Ulyankulu hii hii, ambayo Stanley aliiandika Wilyankuru. Yeye mwenyewe alikuwa karibu, Zimbizo, amelala na homa. Habari zilizomfikia ni kwamba kikosi kimeteka pembe, nguo na watumwa, na kwamba Mirambo amewavizia njiani wakirudi na mizigo yao akawaua, pamoja na kiongozi wao kijana, Soud bin Sayd. Watumwa! Hao walikuwa wamefungwa kamba na kuhesabiwa pamoja na pembe. Aibu ya njia hii ni kwamba mtu alipewa bei, na ndovu akamalizwa, na yule aliyebeba pembe begani hadi pwani alilipwa kidogo kuliko waliomngoja huko. Hiyo ndiyo habari ya kuhuzunisha, nao wanaocheka hawaigusi. Wanacheka kioo. Katika kapu lote lile la biashara, kilichokuwa safi ni kioo. Kilikuwa kioo, kikauzwa kwa jina lake, kwa watu waliokijua.

Tukiondoa kicheko hicho njiani, tunaweza kuzungumza vizuri juu ya jiwe la maabara.

Neno tunalolikimbilia ni bandia. Tunasema fedha bandia, dawa bandia, cheti bandia, na katika hayo yote tunamaanisha kitu kilichofanywa ili kidanganye. Kisha tunalibandika neno hilo hilo kwenye kila jiwe lililotoka kiwandani, nalo halistahili. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kufanya yakuti nyekundu. Alichukua unga safi wa alumina, akautia kromu kidogo kwa ajili ya rangi, akaudondosha polepole kupitia mwali wa haidrojeni na oksijeni wenye joto la zaidi ya nyuzi 2000. Unga ukayeyuka, ukatua juu ya kifimbo, ukaganda, tone juu ya tone, mpaka baada ya saa chache likawa donge la yakuti lenye umbo la peasi iliyopinduliwa. Si kioo chekundu. Ni yakuti, kwa kemia yake na kwa ugumu wake. Vile vito 17 vya kwenye saa ya mgeni wetu ndivyo hivyo. Vimewekwa pale kwa sababu ni vigumu na haviliwi upesi na vyuma vinavyozunguka, na sijamsikia fundi saa yeyote wa Tabora akisema kwamba saa ile ni bandia.

Barafu ya friji na barafu ya kilele cha Kilimanjaro zote ni maji yaliyoganda. Hakuna anayesema kwamba ile ya friji imemdanganya. Lakini mtu akija na chupa ya barafu ya friji ya jirani yangu, akaniambia kuwa ameishusha kutoka Kibo, akataka nimlipe nauli ya wapagazi, hapo ndipo tutagombana.

Na hata mfano huo unampendelea muuza tanzanite ya maabara kuliko anavyostahili, kwa kuwa barafu yake ni barafu. Tanzanite ni namna ya madini yaitwayo zoisaiti, yenye vanadi ndani yake. Ilipatikana mwaka 1967 Mererani, chini ya vilima vya Simanjaro, na kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina la nchi yetu mwaka 1968. Mpaka leo haijapata kuonekana mahali pengine popote duniani kwa kiasi cha kuchimbwa, na mpaka leo hakuna kiwanda kinachoifanya na kuiuza. Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa wengi hulipita haraka. Yakuti ya maabara ipo, almasi ya maabara ipo, zumaridi ya maabara ipo. Tanzanite ya maabara haipo sokoni. Linalouzwa kwa jina hilo ni jiwe jingine, aghalabu forsteriti, ambayo ni jamii ya madini ya olivini, iliyokuzwa kiwandani na kutiwa kobalti ili iwe na buluu ya zambarau. Pengine halifiki hata hapo, ni kioo kitupu cha rangi. Kwa hiyo neno tanzanite katika kile kikaratasi si la kutia chumvi. Ni kuvaa jina la mtu mwingine.

Na hilo neno adimu? Kiwanda kikiwashwa tena kesho asubuhi kitatoa jingine, na kesho kutwa jingine. Uadimu ni habari ya shimo na mwamba. Tanuri halina uadimu, lina bili ya umeme.

Atatokea mtu wa kunikumbusha kwamba tanzanite yenyewe hupita motoni. Ni kweli, na ninafurahi akilitaja hilo. Mawe mengi ya Mererani hutoka ardhini yakiwa na rangi ya hudhurungi, si ya kupendeza sana, nayo hutiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi mia tano hivi au zaidi ndipo buluu ile maarufu inapojitokeza. Hivyo buluu ambayo dunia inaipenda ni kazi ya ardhi na ya mtu kwa pamoja. Ndiyo maana nasema moto si aibu. Samisami ilipita motoni, yakuti ya Verneuil ilipita motoni, tanzanite imepita motoni. Ukitaka kulidharau jiwe kwa sababu mkono wa mtu umeligusa, utabaki na kokoto za mtoni.

Mambo haya nisingeyafuata kwa makini kama yasingeingia nyumbani kwetu. Mtoto wa dada yangu aliletewa na mumewe kidani cha namna hiyo, alichonunua dukani katika mji mkubwa kwa fedha za mitumba miwili ya tumbaku. Kilikuwa kizuri. Waya wa fedha ulikuwa umesokotwa na mtu anayejua kazi, hukuona mahali pa kuanzia wala pa kuishia, na ulinikumbusha vitindi vya masango ambavyo wahunzi wa Unyamwezi walikuwa wakivivingirisha zamani mikononi mwa mabibi. Kikaratasi kilikuwa na maneno yale yale. Nilikuwa na safari ya Arusha, nikamwomba nikichukue.

Mthamini niliyemwendea hakuchukua hata dakika tano. Aliweka kioo chake cha kukuzia mara kumi jichoni, akakigeuza kidani, kisha akanipa kile kioo.

"Mzee, tazama kingo za nyuma ya jiwe, upitishe jicho katikati. Unaona mstari mmoja au miwili?"

"Miwili, mmoja kando ya mwenzake."

"Tanzanite haikuoneshi mistari miwili wazi namna hiyo. Hiyo ni forsteriti. Jiwe halina kosa, fedha ni safi. Umeandikiwa vibaya tu."

Umeandikiwa vibaya tu! Niliporudi nilimweleza mpwa wangu, naye akakaa kimya, akakizungusha shingoni.

"Mjomba, kwa hiyo navaa chupa?"

"Hapana, mwanangu, si chupa. Ni jiwe, ila si hilo lililoandikwa."

"Mimi uzuri wake siuoni umepungua," akasema. "Ila tulikuwa tumekiweka akiba. Mtoto akifaulu kwenda shule ya bweni, tulisema tutakiuza."

Mumewe alipiga simu dukani. Alijibiwa kwa upole sana kwamba hawakumdanganya, kwani neno maabara liliandikwa. Hapo nikaelewa kwa nini neno lile la kweli huwekwa kwenye kikaratasi. Ni mlango wa nyuma. Neno tanzanite linamwingiza mnunuzi, na neno maabara linamtoa muuzaji akibanwa.

Husemwa kwamba mwenye kununua amefurahi, basi yanini kumvurugia furaha yake. Hoja hii nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, tena wakulima wenzangu, ndiyo maana inanikasirisha zaidi. Sisi wa mkoa huu tunalima tumbaku. Tunajua jani linavyochambuliwa, na mteuzi anavyopita mbele ya mitumba yako siku ya soko, akashika jani, akalinusa, akatamka daraja. Tamko hilo ndilo mwaka wako. Jani halikubadilika alipotamka. Lilikuwa vile vile kabla ya kufungua mdomo na vile vile baadaye, lakini akilishusha daraja moja, mtoto anabaki nyumbani bila ada. Tumepiga kelele katika mikutano ya vyama vya msingi, miaka nenda miaka rudi, tukidai jani liitwe jina lake. Basi inakuwaje mtu yule yule anayejua maana ya jina kwenye mzani wa tumbaku aniambie kwamba jina si kitu kwenye shingo ya mpwa wangu? Na asali yetu je? Anayechanganya asali ya miombo na sukari iliyochemshwa hatumwambii kwamba mlaji amefurahi.

Lipo jambo jingine, nalo ni zito kwangu, sitalipita. Wapo watakaosema: wewe mtu wa Ulyankulu, unadai kila kitu kitaje asili yake, na hali unajua neno hilo limetumiwaje hapa. Najua. Mimi nililetwa hapa mwaka 1972, mgongoni mwa mama yangu, tukitoka Burundi, na nilikulia kwenye makazi ambayo mpaka leo tunaelekezana kwa namba za barabara. Babu zangu si wale waliozichagua samisami kwenye njia hii, ingawa watoto wangu wamezaliwa juu yake. Tulipopewa nafasi ya kuomba uraia, sisi wa Ulyankulu pamoja na wenzetu wa Katumba na Mishamo, walikubaliwa watu zaidi ya 160,000, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Kwa sheria sisi ni raia wa tajinisi. Yupo mtu aliyewahi kuniambia kwa tabasamu kwamba sisi ni raia wa maabara, na alidhani amechekesha.

Namjibu hapa, kwa kuwa siku ile sikumjibu. Jiwe linauzwa. Mwenye kuliuza anataka fedha yangu kwa ajili ya jina alilolipa, ndiyo maana ana deni la kunieleza limetoka wapi. Mtu hauzwi. Walioishi Ulyankulu mwaka 1871 wakafungwa kamba, ndio walioulizwa wametoka wapi na wana nguvu kiasi gani, kwa sababu walikuwa wanawekewa bei. Ukiniuliza nyumbani kwetu ni wapi nitakueleza kwa furaha, hata na jina la kilima. Ukiniuliza ili ujue nina thamani gani, umerudi kwenye kapu lile.

Ndipo ninapowageukia wale wa Mererani, maana wao ndio hasa wanaoibiwa jina. Mpwa wangu amepoteza mitumba miwili ya tumbaku. Kule, mwaka 1998 na tena mwaka 2008, mvua kubwa zilijaza mashimo, na makumi ya wachimbaji wakafa chini ya ardhi, wengi wao vijana ambao hawakuwa wamepata hata jiwe la kutosha pete. Eneo lote lenye tanzanite ni dogo, mtu mwenye miguu mizuri aweza kulitembea kutoka ncha hadi ncha asubuhi moja. Serikali ililizungushia ukuta wa kilomita 24.5, uliozinduliwa mwaka 2018, ili mawe yasitoroshwe. Lakini ukuta huzuia mawe kutoka, hauwezi kuzuia jina kutoka. Jina linapita juu ya ukuta, linakwenda kuvishwa jiwe lililokuzwa kiwandani nje ya nchi, kisha linarudi kuuzwa kwetu, kwa bei ambayo mchimbaji mdogo hawezi kushindana nayo. Na mnunuzi aliyedanganywa mara moja, siku akiletewa tanzanite ya kweli na mtu aliyeishika taa shimoni, atasema, "Hizo tumezizoea."

Fundi wa mkono naye anaharibiwa. Yule aliyesokota fedha ile, awe Arusha au kwingineko, kazi yake ilikuwa ya kweli kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya kile kisanduku. Jina lake halikuandikwa mahali popote. Aliandikwa tu kama "kwa mkono", kana kwamba mkono ulikuwa unatembea peke yake. Duka liliona afadhali kulisifu jiwe kwa uongo kuliko kumsifu mtu kwa ukweli, na hilo mimi naliona ni upungufu wa akili hata kwa upande wa biashara. Ningekuwa mwenye duka ningeandika: fedha safi, imesokotwa na fulani bin fulani, jiwe ni forsteriti ya kiwandani, halitunzi thamani, ni zuri. Mume wa mpwa wangu angelinunua, pengine kwa nusu ya bei, na fedha iliyobaki angeiweka mahali pa akiba.

Mwenye sinia mnadani kwetu anafanya hivyo kila siku. Nilimwuliza wiki iliyopita, "Mama, hizi nyekundu ni za nini?"

"Hizo plastiki, baba. Hizi za upande huu ndizo kioo. Uma kwa jino, utasikia."

Niliuma. Za plastiki zilikubali jino, za kioo zilikataa, zikawa baridi mdomoni. Bei zilikuwa tofauti, na wanunuzi walikuwa wakichagua pande zote mbili, kila mtu kwa mfuko wake.

Wenye maduka hunijibu kwamba forsteriti ni neno baya, halitamkiki, halimvuti mteja. Sibishani. Lakini waliopokea akiki ya Aleppo kwenye njia hii hawakuiita akiki. Waliiita samisami, na jina hilo likaijaza Unyamwezi nyekundu, likaendelea kuuza mwaka hata mwaka bila kuazima kitu kwa jiwe jingine. Forsteriti nayo itafutiwe lake. Hata la utani halina neno.